Zamani ya Mwaka Gani? Karamu ya Miaka ya 1970 Katika Nyumba Moja ya Kampala

Utangulizi

Mwishoni mwa muhula uliopita, wanafunzi saba wa Kiswahili wa mwaka wa pili tulikubaliana kula pamoja chakula cha jioni kabla ya kutawanyika kwenda likizo. Mwenzetu mmoja alipendekeza tufanye karamu ya nyumbani yenye sura ya zamani. Kila mgeni angevaa mavazi ya miaka ya 1970, muziki ungekuwa wa wakati huo, na vyakula na vyombo vingefanana na vya wakati huo. Sote tuliafiki. Mimi nilijitolea kuwa mwenyeji kwa sababu ninaishi na bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi Waganda tunamwita Jjajja, na nyumba yake bado ina vitu vingi vya miaka hiyo: birika la enameli, sahani za kauri zenye maua ya samawati, redio kubwa ya mbao ambayo haisemi tena, na kabati la vioo ambalo watoto hatukuruhusiwa kuligusa.

Kielelezo chetu kilikuwa picha moja iliyotundikwa ukutani sebuleni. Ni picha ya harusi ya Jjajja, iliyopigwa mwezi wa Agosti 1977. Babu amevaa suti yenye suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni. Jjajja amevaa gauni refu jeupe na glavu. Mbele yao kuna meza yenye kitambaa cha kufumwa, na juu ya meza kuna keki ya ngazi tatu. Tangu utotoni niliitazama picha hiyo nikiamini kwamba wazee wetu walistarehe kuliko sisi. Nilimpelekea Jjajja picha ile nikamwambia kwamba tunataka kuandaa meza kama hiyo, meza ya miaka ya sabini.

Aliitazama, kisha akauliza, “Ya mwaka gani?”

Nilirudia kwamba ni ya miaka ya sabini. Akasema, “Miaka ya sabini ni kumi. Nakuuliza mwaka gani.”

Katika insha hii nitaeleza kwa nini swali la Jjajja ni swali la kihistoria, na jinsi lilivyobadilisha karamu yetu. Hoja yangu ni kwamba Uganda ya miaka ya 1970 haikuwa na meza moja. Chakula kilichowekwa mbele ya mgeni kilibadilika karibu kila mwaka kufuatana na mambo ya siasa na uchumi, na vitu vilivyokosekana mezani ni ushahidi wa historia sawa na vile vilivyokuwepo. Nimetumia simulizi za Jjajja, picha zake, na mambo yanayojulikana katika historia ya nchi yetu. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiganda, nami nimeyatafsiri.

Meza ya mwaka 1971

Mwaka 1971 Jjajja alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Anakumbuka vizuri chai ya Jumapili baada ya ibada: maziwa mengi, majani, tangawizi, na vijiko viwili vya sukari kwa kila kikombe. Palikuwa na mkate uliopakwa siagi, na mgeni akija zilipikwa chapati. Mgeni wa heshima alichinjiwa kuku, akapikwa kwa mtindo wa luwombo, yaani nyama na mchuzi hufungwa ndani ya jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke.

Tukikichunguza chakula hiki tunaona kwamba kila kitu kina tarehe yake. Masimulizi ya Buganda husema kwamba luwombo ulibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga. Karanga zinazotiwa ndani yake zilitoka bara la Amerika, kama zilivyotoka mahindi, mihogo, viazi vitamu na nyanya. Chapati, pamoja na chai ya maziwa yenye viungo, tumezipokea kutoka kwa Wahindi. Hata gomesi, vazi ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa la asili, lilishonwa mwanzoni mwa karne ya 20 na fundi cherehani Mgoa aliyeitwa Gomes, na jina lake likabaki kuwa jina la nguo. Kwa hiyo mtu anayesema “chakula cha asili” hana budi kuulizwa swali lilelile la Jjajja.

Sukari ya mwaka 1971 ilitengenezwa hapahapa nchini. Kiwanda cha Lugazi kilianzishwa na familia ya Mehta mwaka 1924, na kile cha Kakira karibu na Jinja kilianzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Sukari ilitoka kwenye viwanda hivyo ikaenda kwa wauzaji wa jumla, kisha kwenye maduka madogo ambayo mengi yalikuwa ya Waasia, hadi kwenye vituo vidogo vya biashara vijijini. Baba yake Jjajja alinunua kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi, na muuza duka aliandika deni kwenye daftari. Ushirikiano huo haukuwa wa usawa. Waafrika wengi walilalamika kwamba biashara ilikuwa mikononi mwa wachache, na malalamiko hayo yalianza zamani, wakati serikali ya kikoloni ilipowapa Wazungu, Waasia na Waafrika nafasi tofauti katika uchumi. Hata hivyo, mnyororo wa kutoka shamba la miwa hadi kikombe cha chai ulikuwa ukifanya kazi.

Mwaka huo ulianza na mapinduzi. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliiangusha serikali ya Milton Obote. Katika Buganda watu wengi walishangilia, kwa sababu Obote ndiye aliyekuwa ameuvunja ufalme wao. Miezi michache baadaye mwili wa Kabaka Mutesa wa Pili, aliyefariki uhamishoni London mwaka 1969, ulirudishwa na kuzikwa Kasubi. Jjajja anasema nyumbani kwao walipika na kula kwa furaha. Nitarudi kwenye furaha hiyo baadaye, kwa sababu mezani kwetu palikuwa na mgeni ambaye hakuwa na furaha nayo.

Siku 90 na baada yake

Mwezi wa Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini kwa muda wa siku 90. Serikali iliita jambo hilo vita vya uchumi. Kufikia tarehe 8 Novemba makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameondoka, na wapatao 27,000 kati yao walipokewa Uingereza. Wengi walikuwa wamezaliwa Uganda. Waliacha nyumba, viwanda, mashamba na maduka, na mali hiyo iligawiwa kwa watu wengine, wakiwemo wanajeshi na watu waliokuwa karibu na serikali.

Kuna kisa ambacho kila mzee wa Kampala hukisimulia, na Jjajja pia alikisimulia. Mwenye duka mpya hakujua bei ya shati, akatazama ndani ya ukosi, akaona namba 15, akaliuza kwa shilingi 15. Sijui kama kilitokea kweli mahali fulani. Lakini kisa kinachosimuliwa na watu wengi namna hii kinatuonyesha jinsi walivyoielewa hali: waliona kwamba duka si rafu na bidhaa tu. Muuza duka aliyefukuzwa alijua bei, alimjua muuzaji wa jumla, alijua nani hulipa deni na nani halipi. Maarifa hayo hayakuweza kugawiwa kwa barua ya serikali.

Jjajja husema kwamba “sukari iliondoka pamoja na Wahindi”, kana kwamba ilipakiwa kwenye ndege ileile. Hapa kumbukumbu yake imefupisha mambo. Viwanda havikufungwa siku ile. Miwa ilikuwa shambani na mashine zilikuwa zikizunguka. Uzalishaji ulishuka mwaka hadi mwaka, kwa sababu wataalamu walikuwa wameondoka, vipuri havikuagizwa, na fedha za kigeni zilitumika zaidi kwa mahitaji ya jeshi. Mwishoni mwa muongo viwanda vya sukari vilikuwa karibu vimesimama. Nilipomwuliza Jjajja kama anakumbuka mwaka wa kwanza kunywa chai isiyo na sukari, alifikiri sana, kisha akasema ni alipokuwa anamaliza shule, yaani karibu mwaka 1974. Basi kumbukumbu zake ni mbili: moja ni ya sentensi ambayo watu wote huisema, na nyingine ni ya ulimi wake mwenyewe. Mwanafunzi wa historia anapaswa kuitafuta hii ya pili.

Meza ya mwaka 1977 na keki ya boksi

Sasa nafika kwenye picha ya ukutani. Mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa juu mno. Baridi kali ya Julai 1975 ilikuwa imeua mibuni mingi nchini Brazili, na mwaka 1977 ratili moja ya kahawa ilipita dola 3 katika soko la dunia. Uganda ilikuwa nchi ya kahawa. Mtu angetegemea kwamba mwaka huo wakulima wa Buganda wangetajirika na meza zao zingejaa. Haikuwa hivyo. Mkulima alilipwa bei ndogo iliyopangwa na serikali, na alilipwa kwa shilingi ambazo thamani yake ilikuwa ikishuka. Wengi waliovuna walipendelea kuipitisha kahawa mpakani, hata soko la Chepkube, upande wa Mlima Elgon, likapata sifa Kenya nzima kwa biashara hiyo. Wakati huohuo ndege za mizigo zilibeba pombe kali na bidhaa za anasa kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, hadi Entebbe kwa ajili ya wanajeshi.

Raia wa kawaida walipata sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kupata chiti, yaani karatasi ya kibali iliyomruhusu mtu kununua kwa bei ya serikali. Chiti ilitolewa kwa wenye vyeo na wenye kujuana nao. Njia ya pili ilikuwa kununua kwa bei ya kificho, ambayo ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya serikali. Mwaka 1975 serikali iliunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, iliyoweza kutoa hata adhabu ya kifo kwa kosa la ulanguzi, kuficha bidhaa au kuzivusha mpakani. Katika hali hiyo, mama wa nyumbani aliyekuwa na kilo kumi za sukari kwa ajili ya harusi hakujua kama yeye ni mwenyeji mwema au mhalifu.

Jjajja alinieleza jinsi harusi yake ilivyoandaliwa. Ukoo ulianza kukusanya sukari miezi mitano kabla. Kila shangazi alileta kiasi alichoweza, kikiwa kimefungwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Mama yake aliichanganya ndani ya mfuko wa maharagwe ili mtu akifungua aone maharagwe tu. Siku ya kuoka walikaa wanawake wanne wakipepeta maharagwe na kuitoa sukari. Unga wa ngano uliletwa na mjomba aliyefanya kazi ya kuendesha lori hadi Busia. Vyote vilipowekwa pamoja vilitosha kuoka keki moja, ngazi ya chini tu.

“Na zile mbili za juu?” nilimwuliza.

“Boksi,” alijibu. “Boksi la viatu na boksi la sabuni, tukayapaka uji wa unga wa muhogo mpaka yakawa meupe.”

Nilikwenda kuitazama picha tena. Kisu cha maharusi kimeelekezwa ngazi ya chini. Nilikuwa nimeiona picha hiyo kwa miaka ishirini bila kuliona jambo hilo. Gauni nalo, alisema, lilikuwa la kuazima, na lilikuwa limekwisha kuvaliwa katika harusi tatu kabla ya yake. Hata urefu wa magauni ya wasichana wasindikizaji ulikuwa na sheria nyuma yake, kwa kuwa Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Wale wenzetu waliokuwa wamepanga kuja na sketi fupi “za miaka ya sabini” walishangaa kusikia kwamba kwa sehemu kubwa ya muongo huo wangekamatwa barabarani.

Si kwamba watu walikufa kwa njaa. Hili ni jambo muhimu, na Jjajja alilisisitiza. Ndizi zilikuwa shambani, na maharagwe, karanga na viazi pia vilikuwepo. Wageni wa harusi walikula matoke na mchuzi wa karanga wakashiba, kwa sababu chakula hicho hakikuhitaji kiwanda, fedha za kigeni wala mafuta ya chupa. Kilichokosekana ni vitu vya dukani. Kwa hiyo meza ya mwaka 1977 ilionekana ya kijijini na ya kale zaidi kuliko ile ya mwaka 1971. Mtu aliyekunywa chai alitafuna kipande cha muwa pembeni, na nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Anayedhani kwamba maisha husonga mbele tu kutoka ya kale kwenda ya kisasa anaweza kujifunza kitu kutoka kwenye meza hizi mbili.

Maneno ya Kiswahili mezani

Sisi ni wanafunzi wa Kiswahili, kwa hiyo nilianza kuandika maneno ambayo Jjajja aliyatumia aliposimulia. Alizungumza Kiganda, lakini maneno ya shida yalikuwa ya Kiswahili. Alisema magendo, na kwake neno hilo halikuwa na maana ya kuvusha mali mpakani tu, kama lilivyo katika kamusi zetu, bali biashara yote ya kificho, hata ya kijiko cha chumvi. Watu waliogawiwa maduka na kutajirika ghafla aliwaita mafuta mingi. Mmoja wetu, aliyekuwa amefaulu vizuri somo la sarufi, alimsahihisha kwa adabu kwamba ni mafuta mengi. Jjajja alikataa. Alisema watu wale waliitwa mafuta mingi, na kama tunataka wengine wenye sarufi nzuri tukawatafute mwaka mwingine.

Orodha iliendelea. Mizinga ya Watanzania waliokuja kumwondoa Amin mwaka 1979 iliitwa sabasaba, na askari wenyewe waliitwa wakombozi. Baada ya hapo, katika miaka ya 1980, lilikuja neno panda gari. Ni amri iliyotolewa na askari walipozingira mtaa na kuwapakia watu kwenye malori ili wakahojiwe, na wengine hawakurudi. Kwa watu wa umri wa Jjajja, maneno hayo mawili ndiyo sentensi ya Kiswahili wanayoikumbuka kuliko zote.

Hapo nilielewa jambo ambalo halikuwa limesemwa waziwazi nyumbani kwetu. Nilipochagua kusoma Kiswahili, Jjajja hakupinga, lakini alinyamaza kwa muda wa wiki nzima. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kilikuwa tayari lugha ya kambi za jeshi tangu wakati wa ukoloni, na sasa kikatoka kambini kwa amri. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake na kufundishwa shuleni. Walimu wetu hutuambia, na ni kweli, kwamba Kiswahili ni lugha ya Afrika Mashariki, ya biashara na ya ujirani. Lakini tukitaka kukifundisha Kampala lazima tujue kwamba wapo wazee waliokisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Hawakatai kwa ujinga, wanakumbuka.

Jioni yenyewe

Baada ya mazungumzo hayo tulibadilisha mpango. Badala ya meza moja ya miaka ya sabini, tuliamua kuandaa chakula kwa awamu tatu, na kila awamu iwe na mwaka wake: 1971, 1974 na 1977. Jjajja ndiye aliyepanga vyakula. Yeye mwenyewe alivaa gomesi, akasema kwamba amekwisha kuvaa mavazi ya 1977 mara moja na inatosha.

Awamu ya kwanza ilikuwa chai ya maziwa yenye sukari, mkate, siagi na chapati. Wote walifurahi, isipokuwa mwenzetu mmoja kutoka Lango, ambaye hakugusa kikombe chake. Jjajja alipomwuliza kama chai ni mbaya, alijibu kwa heshima kwamba chai ni nzuri, ila mwaka 1971 babu yake alikuwa askari, na aliuawa kambini mwaka huo. Ni jambo linalojulikana katika historia kwamba baada ya mapinduzi askari wengi Waacholi na Walango waliuawa kambini. Sote tulikuwa tumelisoma. Hatukuwa tumelisoma tukiwa na chapati mkononi, na mjukuu wa askari huyo akiwa amekaa upande wa pili wa meza.

Jjajja alinyamaza. Kisha akasema, “Mwezi ule sisi tulicheza ngoma. Hatukujua, na hata baadaye tulipojua hatukuuliza.” Alisimama, akaenda jikoni, akarudi na kikombe kisicho na sukari, akakiweka mbele ya mgeni wake, na yeye akajiwekea kingine kama hicho. Wakanywa pamoja.

Awamu ya pili ilikuwa fupi. Tulipewa kijiko kimoja cha sukari watu wanane, nasi tukaambiwa tuamue jinsi ya kukigawa. Mwanzoni tulicheka, kisha tukaanza kubishana kwa dhati kama mgeni anapata kwanza au mtoto, na kama aliyeleta kijiko ana haki zaidi. Mwenzetu mmoja kutoka West Nile alisema kwamba watu wengine hudhani kila mtu wa kwao alikula vizuri wakati wa Amin kwa sababu Amin alitoka huko. Bibi yake alikuwa mkulima wa kawaida, hakuwahi kupewa duka wala chiti, lakini baada ya mwaka 1979 alilazimika kukimbilia Zaire pamoja na maelfu ya wengine kwa kuhofia kisasi. Aliporudi hakukuta nyumba. Basi nyumba moja ilikuwa na meza ya 1971 iliyojaa, nyingine ilikuwa na matanga, na mwaka 1979 watu wengine walisherehekea ukombozi wakati wengine wakivuka mpaka kwa miguu.

Awamu ya tatu ilikuwa matoke, maharagwe, mchuzi wa karanga, na chai ya rangi yenye kipande cha muwa. Kwa kweli ndicho chakula kilichopendwa zaidi usiku ule. Tulikuwa na keki pia. Ilikuwa na ngazi tatu, na mbili za juu zilikuwa boksi zilizopakwa uji wa unga wa muhogo. Jjajja alizipaka mwenyewe, na mikono yake haikuwa imesahau.

Muziki ulikuwa wa simu iliyounganishwa na spika ndogo, kwani redio ya mbao haikuweza kufufuliwa. Tulipiga nyimbo za rumba ya Kongo na za Afrigo Band, ambayo ilianzishwa Kampala mwaka 1975, mwaka uleule wa mahakama ya makosa ya uchumi. Nilimwuliza Jjajja watu waliwezaje kwenda kucheza dansi katika wakati kama huo. Alisema walicheza kwa sababu walikuwa vijana, na kwamba woga haukuwazuia kupenda. Nadhani hili nalo ni jambo la kuandikwa. Tukisema tu kwamba miaka hiyo ilikuwa ya mateso, tunamfuta msichana aliyetabasamu kwenye picha, na tabasamu lake halikuwa la boksi.

Hitimisho

Nimeeleza kwamba karamu yenye sura ya zamani inaweza kuwa zoezi la historia ikiwa waandaaji watakubali kuulizwa mwaka gani, na nyumba ya nani. Tulianza na mavazi na muziki, vitu ambavyo ni rahisi kuazima. Sukari ilitupeleka kwenye viwanda vya Lugazi na Kakira, kwenye siku 90 za mwaka 1972, kwenye bei ya kahawa na kwenye mahakama ya 1975. Maneno ya mezani yalitupeleka kwenye historia ya lugha tunayoisoma. Na kikombe kimoja ambacho hakikunywewa kilitufundisha kwamba watu waliokaa pamoja leo hawakutoka kwenye zamani moja.

Sisemi kwamba karamu hizi ziachwe. Wenzangu wanaotaka kuandaa moja nawashauri wamtafute kwanza mzee aliyeishi wakati huo, wampe kiti jikoni, na wamwachie apange chakula. Wamwulize pia ni kitu gani hakikupatikana. Wasiiamini picha kabla ya kumwuliza aliyemo ndani yake. Na wageni wakitoka sehemu mbalimbali za nchi, kila mmoja aulizwe mapema nyumbani kwao walikula nini mwaka huo, kama walikula.

Wageni walipoondoka usiku ule, Jjajja aliwasindikiza hadi langoni. Huwa anawaaga watu kwa Kiganda. Safari hii alisema, “Karibuni tena,” kwa Kiswahili, kisha akageuka kuniuliza kama amekosea sarufi. Nilimwambia hakukosea.